Kumi na Nane ya Kirezi

Dzaleka, 11 Februari 2025

Kumi na nane, Honoré. Kirezi yangu amepata kumi na nane.

Sasa njo nakusalimia. Mudogo yangu, muko je huko Mchesi? Wifi yangu iko muzima? Mutoto ameacha kukohoa? Sisi bote tuko bazima. Nduwimana, baba Kirezi, mugongo inamusumbua, lakini bado anapanda ku paa za bantu kupiga mabati, basi si mugongo ya kulilia. Mvua iliangusha jikoni za majirani tatu. Yetu imesimama, sababu siku ya kupanga matofali nilisimama pale mi mwenyewe. Mahindi nyuma ya nyumba imepita kichwa yangu, na unajua mi si mufupi.

Nakuandikia karatasi sababu simu inakaa na Kirezi, na nikituma sauti nyumba yote inasikiliza. Mukamusoni, ule jirani yangu Munyarwanda muuza vitenge, anaenda Lilongwe kila Jumanne na kila Ijumaa, na anapita mbele ya mulango yako. Umupe jibu. Usimuache arudi mikono mitupu.

Sasa sikiliza. Kirezi ametengeneza muchezo. Si kucheza, kutengeneza. Muchezo ya ku televizio, sawa ile batoto ba Mchesi banakuja kucheza kwako. Miezi tisa ameenda ku formation, mafunzo ya ordinatere, zile kompyuta, hapa kambini kwetu bakimbizi, bako kumi na bane, basichana bawili tu, na muchezo yake njo ilimalizika ya kwanza. Inaitwa Mbuzi Tano. Kuna binti mudogo anatoka nyumbani alfajiri na mbuzi tano, anazipeleka mpaka ku ziwa. Anapita ndani ya muhogo. Ukisikia mabuti unajificha, unazipa mbuzi majani ili zisilie. Moja ikilia, unarudi ku mulango ya nyumba, unaanza tena. Bale bantu benyewe haubaoni, ni mabuti tu na taa. Ni asubuhi ile tulikimbia vita ya Fizi, Honoré. We ulikuwa umeshafika Malawi miaka mbili, lakini mambo ya mbuzi nilikuelezea. Kirezi alikuwa na miaka sita, na kamba ya zile mbuzi alishika yeye.

Ili muchezo iingie ku duka ya mtandao, kuna maulizo ya kujibu, na mwenye kujibu lazima awe mutu mukubwa. Kirezi iko na kumi na saba. Basi nani? Mi. Siku ile alikuwa na mutihani, nikaenda peke yangu, nikakaa na mwalimu yao Cyrille. Yeye anasoma na kuandika, mi najibu. Kuna damu? Kuna silaha? Kuna mutoto anayetishwa? Maulizo makumi mbili na ine. Unanijua ku maulizo. Tangu interview ya kwanza ku mupaka sijapata kugonganisha maneno. Katikati Cyrille aliacha kuandika, akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia endelea.

Na jana jibu imekuja. Kumi na nane. Ku makumi mbili, kumi na nane. Shuleni kwetu hata mwalimu hakuwa anajipatia hiyo. Pasta ameshatangaza.

Imebaki kitu kimoja. Ili Kirezi apate nafasi ya formation ya pili, ile ya Lilongwe, muchezo yake lazima ichezwe na batoto makumi tatu mbele ya walimu, kabla ya mwisho wa Juni. Hapa kambini umeme ni wa kubahatisha. We uko na televizio tatu. Unaelewa mwenyewe.

Dada yako mukubwa,
Kabibi


Mchesi, 21 Februari 2025

Yaya Kabibi,

Mukamusoni alinipa barua yako akiwa amesimama, akakataa kiti mpaka nimeifungua. Anasema ulimwamuru. Sisi tuko bazima, mutoto amepona. Wifi yako anasema zikomo, asante ya hapa, kwa unga ya muhogo. Kazi inaenda, batoto bakitoka shuleni chumba kinajaa.

Hongera kwa Kirezi. Ile ya mbuzi niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Lakini nikuambie kitu, usikasirike. Kumi na nane si pointi. Ni miaka. Kila muchezo iko na namba yake: tatu, saba, kumi na mbili, kumi na sita, kumi na nane. Namba inasema mutoto wa miaka ngapi anaruhusiwa kuicheza. Kumi na nane njo ya mwisho kabisa, ya bantu kukatana vichwa. Pasta umwambie polepole.

Na kwangu hii namba si mapambo. Mwaka jana bamama ba hapa balikuja ku mulango yangu, kumi na zaidi, mumoja ameshika mutoto yake kwa sikio. Batoto balikuwa banacheza vita ku soko na vijiti, umekufa, hapana we njo umekufa, mpaka mumoja akachomwa karibu na jicho. Chifu wa mtaa alitaka nifunge. Niliomba, nikaahidi. Tangu siku ile ukuta yangu ina rangi tano, kila namba na benchi yake. Benchi ya kumi na nane iko nyuma ya pazia, na mwenye kupita anaonyesha kitambulisho. Hata mutoto yangu hapiti. Nikifungua kwa ndugu mara moja tu, bale bamama banarudi, na safari hii hawataondoka.

Na ona kitu kingine: kwa namba hii Kirezi mwenyewe haruhusiwi kucheza muchezo aliyoitengeneza.

Lakini mbuzi tano haziwezi kuleta kumi na nane. Mabuti na taa, hiyo ni saba, kwa kukaza sana kumi na mbili. Kuna mahali balikosea ku fomu. Mwambie Cyrille akupe nakala ya majibu, unitumie. Hizi fomu mi nazijua. Kosa nitalipata kwa dakika tano.

Mudogo yako,
Honoré


Dzaleka, 4 Machi 2025

Mudogo yangu Honoré,

Salamu kwako na kwa wifi. Tumeanza kuchoma mahindi, Mukamusoni amebeba kumi yako, uhesabu. Nduwimana amepata kazi ya paa ya kanisa. Walitaka mutu mwenye mugongo muzuri, wakamupata mwenye mikono mizuri.

Unasema pasta nimwambie polepole. Pasta ameshaiombea, itatoka wapi polepole? Niliambia bamama bote ku bomba ya maji. Niliambia muuza mandasi. Mama Nizigama, ambaye kijana yake wa formation ile ile alipata kumi na mbili, nilimupelekea pole nyumbani, tukakaa, nikamwambia mutoto atajitahidi mwaka kesho. Sasa naambiwa kumi na mbili njo nzuri kuliko yetu. Ananisalimia akicheka mpaka leo.

Lakini ku majibu yangu hakuna kosa. Hapo tuelewane. Sikusema uongo hata mumoja, sikuongeza, sikupunguza. Karatasi hii hapa. Cyrille aliitia ndani ya bahasha, akaifunga na gundi, akanipa bila kuniangalia. Mi sikuifungua. Nifungue nini, na niliyesema ni mi?

Ukipata hilo kosa, lako au lao, urekebishe. Usipolipata, ufungue ile pazia siku moja. Huyu ni mutoto ya dada yako. Kirezi halalamiki, unajua hajui kulalamika, lakini tangu tumejua maana ya ile namba anakula akiangalia sahani. Jana aliniuliza, "Mama, uliwaambia nini?" Nikamwambia, ukweli.

Dada yako,
Kabibi


Dzaleka, 1 Aprili 2025

Honoré,

Ni wiki ya ine. Mukamusoni amepita kwako mara saba. Mara ya kwanza ulimwambia Ijumaa. Ya pili ulimwambia Jumanne. Baadaye hata siku hukumutajia. Ijumaa iliyopita alikuta chumba kimefungwa na batoto bamejaa nje, akachungulia, akakuona umekaa ku benchi, televizio zote tatu zimezimwa. Anasema ulimwona na hukusimama.

Unaumwa? Wifi anaumwa? Kama ni chifu anakutisha, sema, nitakuja niongee naye. Nimeongea na bakubwa kuliko yeye.

Kwetu tuko salama. Paa ya kanisa imemalizika na haivuji, bantu banatazama juu wakati ya mahubiri. Kirezi alitaka kutoa yale mabuti ili namba ishuke. Nilikataa. Ukitoa mabuti, mbuzi zinajificha nini? Atabaki na binti anatembea na mifugo, na hiyo hata mi naweza kutengeneza.

Lakini miezi inatembea. Bale wengine, batoto bameshacheza michezo yao mbele ya walimu. Mama Nizigama alitualika. Nilienda, nilipiga makofi, nilikaa mbele.

Niandikie hata mustari mumoja.

Kabibi


Mchesi, 22 Aprili 2025

Yaya,

Salamu za Pasaka. Wifi yako na mutoto balienda kanisani, mi nilibaki. Tuko bazima.

Ile bahasha niliifungua siku ile ile, kalamu nyekundu mkononi, nitafute kosa. Nilipita maulizo kumi. Halafu ulizo la kumi na moja: kuna mutu anayeuawa mbele ya mutoto? Na chini yake jibu yako. Cyrille ameiandika yote, mistari tisa.

Miaka kumi na moja, Yaya. Ulinipigia simu toka Karonga, ukaniambia mama alishikwa na homa njiani, akalala, hakuamka. Mi nililia mama wa homa. Mutoto yangu anajua bibi yake alikufa na homa.

Nilivumilia mpaka mwisho wa Machi, halafu chumba nilikifunga siku tatu. Wifi yako hajui sababu.

Kosa nimelipata, si ulisema nitafute. Fomu ilitaka kujua mutoto anaona nini ku televizio, basi. Balikuuliza juu ya mbuzi, ukabajibu juu yetu. Kila jibu ni kweli, na hakuna hata moja iliyo ndani ya muchezo. Nimemuuliza Cyrille kwa simu, anasema inaweza kujibiwa upya. Umwone.

Lakini si hiyo njo iliyoninyamazisha. Nataka kujua kwa nini ordinatere ilijua kabla yangu.

Honoré


Dzaleka, 6 Mei 2025

Mudogo yangu wa tumbo moja,

Nakusalimia, nasalimia wifi, nasalimia mutoto. Tuko bazima. Leo sina cha kujisifu ku mwanzo, basi nianze na wewe.

Ku mupaka, Karonga, mutu alikaa mbele yangu na karatasi, akaniambia mama, useme yote, na kila utakapoulizwa useme vilevile, neno likibadilika faili yako inakufa. Nikasema yote. Hapa Dzaleka wakaniuliza tena, nikasema vilevile. Mwaka uliofuata tena. Mara ine, mbele ya bantu bane, na mukalimani anayetafuna kalamu. Nilijifunza kusema bila sauti kutikisika. Nilijivunia, usicheke, bamama bengine balizimia na faili zao zikachelewa. Kwa hiyo Cyrille alipokaa mbele yangu na maulizo yake, kuna damu, kuna mutoto, mudomo yangu ilienda yenyewe. Mi nilidhani hivi njo bantu banauliza.

Wewe hukuniuliza hivyo. Siku ile ya simu uliniuliza kitu kimoja: mama aliteseka? Mi nilikuwa nimesimama ndani ya kibanda ya mutu, Kirezi amelala ku mugongo yangu. Nikasema homa. Serikali mbili zinajua, mashirika yanajua, bakalimani banajua. Ni wewe tu nilikuficha. We uliniambia habari ya benchi zako na rangi zako, nikawaza, na mi nilikupaka rangi yako siku ile. Nilikuona mudogo. Ulikuwa na miaka makumi mbili na tatu, na nikasema hii haipiti kwa huyu. Nikasubiri ukue, na ukakua, ukaoa, na mi bado nimesimama ku mulango na pazia mkononi.

Ile yenyewe sitaiandika hapa. Mukamusoni ni mutu muzuri, lakini haipandi gari na vitenge. Nitakuambia kwa mudomo.

Sasa fomu. Tulienda jana, Kirezi mwenyewe upande huu, Cyrille upande ule, na Kirezi akasema, "Mama, safari hii usijibu mpaka umeangalia." Basi nikaangalia. Honoré, nikuambie aibu yangu: hii muchezo niliisifu kambi muzima na sikuwa nimeiangalia hata mara moja. Nilikuwa naona Kirezi anaishika, inanitosha.

Nikaicheza. Mbuzi ya tatu ililia ndani ya muhogo, nikarudi ku mulango ya nyumba. Na ku mulango kuna mutu. Mama muzee, kitenge ya manjano, amefunga kichwa vile mama alikuwa anafunga, upande wa kushoto. Anafungua mulango, anakupa majani ya mbuzi, anakugusa kichwa, unaenda. Nikakosa tena, nikamukuta tena. Nikamuuliza Kirezi huyu ni nani, na najua. Akasema, "Ni Bibi. Mutu akikosa, anarudi kwake."

Miaka sita alikuwa nayo. Hatujaongea hiyo, mi na yeye, hata siku moja.

Cyrille alitoka nje kidogo, akarudi. Halafu tukajibu, na nikajibu macho tu. Kuna damu? Hapana. Kuna mutu anayeuawa? Hapana, unarudi ku mulango. Kuna silaha? Mabuti na taa. Ya mwisho: mutoto anaweza kuogopa? Kirezi alitaka tuseme hapana, tupate tatu. Nikamwambia, andika ndiyo. Mutoto asipoogopa hata kidogo, hizo mbuzi atazinyamazisha kwa nini?

Wakatupa saba. Shuleni kwetu na saba unarudia mwaka. Hapa nimepita nayo mbele ya Mama Nizigama mara mbili, polepole.

Sasa chumba ni chako, na mudomo ni yako. Ukikataa nitaelewa. Kirezi pia nimemwambia unaweza kukataa.

Dada yako,
Kabibi


Mchesi, 23 Mei 2025

Yaya Kabibi,

Salamu kwa bote. Hapa baridi imeanza, wifi yako amemufunga mutoto nguo tatu anatembea kama gunia.

Nilikaa na hasira siku mbili baada ya barua yako, nikuambie usidhani iliisha kwa kusoma. Siku ya tatu nilipakua Mbuzi Tano. Niliicheza mchana, kabla ya batoto kutoka shuleni, mulango wazi.

Nilikosa mara tisa. Tano za kwanza ni ujinga yangu. Zile ine nilikosa kwa kusudi.

Kile kitenge nilimununulia mi, ku soko ya Baraka, na mushahara yangu ya kwanza. Kirezi ameweka mpaka ile pindo iliyochomwa na pasi. Ni nani alimwambia?

Chumba kiko tayari. Benchi ya saba ni ya kijani, inaingia batoto kumi, nitaongeza mbili. Chifu nimemuonyesha namba, akaicheza mwenyewe, mbuzi yake ya kwanza ililia mbele ya mulango. Utaje siku. Na wewe uje kabla ya bote.

Honoré


Dzaleka, 3 Juni 2025

Mudogo yangu,

Salamu, na wifi, na gunia. Tuko bazima. Nduwimana anapiga pasi suruali ambayo haijavaliwa tangu ubatizo. Kirezi ameanza kula akituangalia.

Pindo ya pasi hakuna mutu alimwambia. Alikuwa anakaa chini ya ile kitenge, alikuwa anaichezea na kidole.

Karatasi ya kutoka kambini nimeipata ya siku mbili. Ijumaa, tarehe kumi na tatu, nitafika saa nane mchana, peke yangu. Siku hiyo usifungue chumba. Mutoto apelekwe kwa jirani, wifi abaki, yeye ni mukubwa na ni wa nyumba. Tutakaa nyuma ya pazia yako, ku benchi ya kumi na nane, sisi batatu. Nitakuambia yote, tangu mwanzo, kwa mpango. Mara ine niliisema na sauti yangu haikutikisika. Kwako ikitikisika, usiniletee maji. Uniache.

Halafu kesho yake baje bote. Cyrille analeta walimu babili. Pasta anakuja kusahihisha tangazo. Mama Nizigama nimemwalika, nimemwekea kiti ya mbele sawa yeye alivyoniwekea. Batoto kumi banatoka hapa kwa ruhusa, makumi mbili utatoa wewe Mchesi. Na bale bamama balioshika mutoto kwa sikio, ubaite wote, bakae karibu na televizio, baone namba kwa macho. Chakula napika mi: nsima kwa benyeji, ugali ya muhogo kwa sisi, ndagala, zile dagaa za kwetu, kwa bote.

Dada yako, mama wa Kirezi,
Kabibi

Nilikuwa nimefunga bahasha. Mukamusoni, ambaye anasema hasomi barua za bantu, anasema nimetaja Ijumaa yako, nikasahau kuandika siku yenyewe ya bote. Basi iandike ukutani kwako, juu ya ile rangi ya kijani, kila mutu asome: Jumamosi, tarehe kumi na ine Juni, saa tatu asubuhi.